KEYone yako, KEY2 yangu

Tanga,
Jumapili jioni

Swahiba yangu,

Salamu nyingi baada ya kitambo. Huku sote wazima, ila mvua zimetushika na njia ya kwetu imeshageuka mto. Bibi anakusalimu sana. Kila nikitaja Mombasa anauliza kama bado unapenda mhogo wa nazi.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema KEYone yako imechoka, ukifungua programu tatu inaganda, na vijana wa dukani kwako wanakucheka kwa kubeba simu ya vitufe. Unauliza ununue KEY2, au uachane na habari hizi kabisa ushike simu ya kupangusa kama watu wote. Mimi nimekaa na hizo BlackBerry zote mbili, ya kwanza miaka mitatu na ya pili mpaka leo, ndiyo hii ninayokuandikia. Nitakujibu kwa urefu, univumilie.

Nianze na vidole, maana ndipo penye jambo. Mimi na wewe tunaandika Kiswahili kutwa, na Kiswahili ni lugha ya A. Hebu andika "hapana, bado hajafika, anasafiri kesho", kisha uhesabu. Maneno matano, A kumi. Na kwenye kibodi A imewekwa ukingoni kabisa kushoto, pale ambapo kidole gumba inabidi kijikunje ili kiifikie. Kwa KEYone vitufe vinang'aa na ni vifupi. Wewe unalijua joto letu la Februari: vidole vikishatoka jasho, gumba linateleza kutoka A linakwenda kugusa S, na "anasafiri" inatoka "snasafiri". Nilikuwa naifuta simu kwa kanga ya mama watoto kila baada ya sentensi mbili.

KEY2 ilipotoka Juni 2018, mwaka mmoja na kidogo baada ya ya kwanza, vitufe vyake viliongezwa urefu kwa asilimia 20, na ule mng'aro ukaondolewa. Ukiandikiwa hivyo utaona ni kitu kidogo. Shika mwenyewe ndipo utanielewa. Uso wa kitufe ni mkavu, una mgongo wa kuushikilia ukucha, na kidole kinajua kimefika A hata macho yakiwa kwingine. Siku ya kwanza nilikaa barazani nikaandika "ng'ombe", "ng'ambo", "kung'olewa", bila sababu yoyote, kwa raha tu. Kitufe cha Alt kiko kushoto pembeni ya Z, na ile alama ya juu iko kwenye K upande wa kulia. Gumba moja linashika Alt, jingine linagonga K, ng' yako imekamilika na hujaacha mwendo. Kwenye simu ya kupangusa mara nyingi inabidi uhamie ukurasa wa alama, urudi, na ukirudi utakuta simu imeshakuamulia neno la Kiingereza.

Sasa nikwambie kwa nini mimi siziachi simu hizi. Unajua nimekuwa nikiziandika ngano za Bibi. Anasimulia magharibi, baada ya swala, tukiwa barazani na giza linaingia. Niliwahi kujaribu kwa simu ya kupangusa ya mdogo wangu. Kila nikiinama kuangalia kioo, Bibi ananyamaza. Hakasiriki. Anasubiri, mikono mapajani, kisha anasema, "Maliza kwanza na simu yako, mwanangu." Na ikishakatika, ile sauti aliyokuwa nayo hairudi. Nikiwa na vitufe, taa yake ndogo inawaka chini ya herufi, vidole vinakwenda vyenyewe, na macho yangu yako usoni kwake. Anasimulia mpaka mwisho. Kuna ngano moja ya sungura na mwanamke wa kisimani ambayo mama yangu mwenyewe hakuwahi kuisikia. Niliipata kwa KEYone, jioni moja, mwanzo mpaka mwisho, na makosa ya herufi nikayasahihisha kesho yake.

Kwa hiyo katika kazi hii hasa, simu zote mbili ni ndugu. Zote zina kibodi inayohisi mguso, unapitisha kidole juu ya vitufe na ukurasa unapanda au kushuka. Zote zinasoma alama ya kidole kwenye kile kitufe kirefu cha nafasi. Kioo ni kilekile cha inchi 4.5. Anayekwambia kioo cha KEY2 ni kikubwa zaidi hajaziweka pamoja.

Zinapoachana ni nguvu. Kuganda kwa simu yako si uchawi. KEYone ya kawaida ina RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 3 na chipu ya Snapdragon 625, chipu yenye subira na isiyokula chaji, lakini haina mbio. KEY2 ina GB 6 na Snapdragon 660. Tofauti utaiona ukitoka WhatsApp kwenda kwenye ramani ukarudi: kwa KEYone utakuta WhatsApp inaanza kujifungua upya, kwa KEY2 utaikuta palepale ulipoiacha. Kamera sina la kusema, za nyuma ziko mbili badala ya moja na picha za mchana zinatosha. Betri zinalingana, mAh 3,505 kwa 3,500, na nikisema kweli, ilipokuwa mpya KEYone ndiyo iliyokaa na chaji zaidi mkononi mwangu.

Kuna kitufe kimoja kipya ambacho nimekipenda kuliko nilivyotarajia. Kwa KEYone unaweza kuipa kila herufi kazi, tuseme M ifungue ujumbe, lakini lazima urudi kwanza kwenye ukurasa wa mwanzo. Kwa KEY2 waliondoa shifti ya kulia wakaweka kile wanachokiita Speed Key. Unakishikilia, unabonyeza herufi, na jambo linafanyika popote ulipo. Herufi 26, kila moja kwa kubonyeza na kwa kushikilia, ni njia 52. Mimi natumia nne tu. R inafungua kinasa sauti, na hiyo peke yake imeniokolea nyimbo mbili za Bibi ambazo vidole visingeziwahi.

Cha KEYone ninachokikumbuka ni uzito. Gramu 180 dhidi ya 168, na ule unene wake. Ilikaa kiganjani kama kitu cha kazi. KEY2 ni nyembamba, na kitufe cha kuwashia kimehamishwa kutoka kushoto kuja kulia, kati ya vitufe vya sauti na kitufe cha ziada cha ubavuni. Mwezi mzima nilikuwa nikizima kioo huku nataka kupunguza sauti.

Sasa yasiyopendeza, na haya uyasome polepole. KEYone ilizaliwa na mfumo wa Android 7.1 ikapandishwa mpaka 8.1. KEY2 ilizaliwa na 8.1, na ikabaki hapohapo. Yaani mkubwa na mdogo wameishia kituo kimoja. Simu hizi hazikutengenezwa na BlackBerry yenyewe ya Canada. Zilitengenezwa na TCL ya China kwa kukodi jina, na ruhusa hiyo ilikwisha tarehe 31 Agosti 2020. Mwezi huohuo kampuni ya OnwardMobility ya Marekani ikaahidi simu mpya ya vitufe yenye 5G. Nilisubiri kwa moyo wote. Februari 2022 wakatangaza kwamba hawaendelei, na siku hiyo niliumia kweli. Watu wengi wanachanganya habari hii na ile ya tarehe 4 Januari 2022, ilipozimwa mitambo ya zile BlackBerry za zamani, kina Bold tulizochatia BBM, ile huduma yao ya ujumbe, tukiwa chuoni. Hizi zetu za Android hazikuguswa.

Lakini sasisho za usalama zilishakoma. Kwa hiyo mambo ya benki usiyaweke humo. Mimi nina simu ndogo ya pembeni ya kutuma na kupokea pesa kwa kupiga nyota, na KEY2 nimeiachia kuandika. Kama unataka simu moja ifanye kila kitu, basi nunua ya kupangusa, na sitakulaumu.

Ukiamua kununua, utapata ya mkono wa pili, na hapo fungua macho. Iko KEY2 na iko KEY2 LE, na wauzaji huziita zote KEY2. Hiyo LE ni ya bei nafuu, RAM yake ni GB 4, na kibodi yake haihisi mguso kabisa, hivyo ule utamu wa kupitisha kidole hautaupata. Pili, laini. Mimi niliuziwa na bwana mmoja aliyeapa kuwa ni ya laini mbili. Nilifika nyumbani, nikachomoa kitrei, nikaona tundu la laini moja na mahali pa memori kadi. Nilirudi asubuhi, akasema mauzo yameshapita. Tafuta modeli BBF100-6, na hata ukiiona imeandikwa, chomoa kitrei mbele yake, weka laini zako mbili, piga kwa zote. Tatu, betri imezibiwa ndani na ina miaka yake. Weka kando pesa ya fundi tangu mwanzo.

Na usiilipie kabla hujaandika. Mwombe muuzaji dakika tano, andika kila herufi mara kumi, A mara hamsini. Kitufe kinachosita leo hakitapona.

Nakuja Mombasa likizo ikianza. Nitakuachia yangu siku mbili, uitumie dukani upokee oda za wateja kama ulivyozoea. Nami nipe KEYone yako hizo siku mbili niitoe mapicha ya zamani yaliyojaa, huenda ikapumua kidogo. Bibi ameanza ngano ya kisima kingine, juzi tumefika katikati umeme ukarudi, majirani wakafungulia redio, akaingia ndani kulala. Leo anamalizia. Naona ameshatandika mkeka, ngoja nikomee hapa.

Msalimie mama na wote nyumbani.

Wako wa siku zote,
Swahiba wa Tanga