Zile za kichuguuni zitenge

Beaune, Ufaransa
27 Septemba

Baba,

Shikamoo. Mbukwenyi wote hapo Hombolo. Mimi mzima, ila mgongo unalia. Mizabibu ya huku Bourgogne ni mifupi, vichala vinaning'inia karibu na goti, na siku tisa tumevuna kwa mkono tukiwa tumeinama kama wapanda mpunga. Nimekikumbuka sana kichanja chako, mtu unachuma umesimama.

Uliniuliza kwenye simu hawa Wafaransa wanatuzidi nini. Kwa jua hawatuzidi. Baridi yote mzabibu wao unalala kama mti uliokufa, unapogolewa humo humo kwenye baridi, unachipua Aprili, unavunwa mara moja basi. Nilipomwambia mzee mwenye shamba kwamba wewe unavuna mara mbili kwa mwaka, alidhani Kifaransa changu kimeniangusha. Halafu Aprili hiyo hiyo usiku mmoja wa baridi kali unaweza kuunguza machipukizi yote. Mwaka 2021 waliwasha mishumaa mikubwa shambani usiku kucha, na bado wengi walipoteza.

Hata mizizi si yao. Miaka ya 1860 kuliingia mdudu kutoka Marekani, filoksera, akala mizizi ya Ufaransa karibu nzima. Dawa ilikuwa kubebesha vikonyo vyao juu ya mashina ya Kimarekani, kama bwana shamba alivyotufundisha kwa miembe.

Kwenye kutengeneza nako hamna uchawi. Zabibu nyeusi ukiikamua inatoa maji yasiyo na rangi. Wekundu wote uko kwenye ganda. Basi za mvinyo mweupe hukamuliwa papo hapo, za mwekundu hulala na maganda yake wiki mbili hivi. Hamira inakula sukari, inatoa kilevi na hewa ya ukaa. Maganda yanaelea juu kama ukoko, na kazi yangu ni kuyadidimiza chini kwa mti, asubuhi na jioni. Juzi niliingiza kichwa nichungulie, mzee akanivuta shati kwa nguvu nikaanguka chali. Hewa ile haina rangi, na imeua watu wengi. (Mama asisomewe hapa.) Baadaye mvinyo unahamia kwenye mapipa ya mwaloni ya lita 228, ukae mwaka au zaidi.

Sasa swali lako. Mashamba yamelala kwenye mteremko mmoja mrefu unaotazama mashariki. Katikati ya mteremko, penye mawe ya chokaa na maji hayatuami, ndipo pa thamani. Bondeni ni mvinyo wa kawaida. Zabibu nyeusi karibu zote ni za aina moja, Pinot Noir, na mkulima anaweza kuwa yule yule, lakini kila kipande kina jina lake, na mvinyo wake hauchanganywi na wa jirani. Pale Vougeot watawa wa Cîteaux walikizungushia chao ukuta wa mawe, na ukuta upo hadi leo. Kipande kiitwacho Romanée-Conti ni hekta 1.8 tu, ekari nne na nusu, na chupa yake moja inanunua bodaboda kadhaa! Sheria nayo inaweka kikomo cha mavuno kwa hekta, kwa hiyo wapo wanaokata vichala vikiwa vibichi na kuviacha chini. Ungewaona ungelia.

Mama naye nina lake. Hapa mjini kuna hospitali iliyoanzishwa kwa ajili ya maskini mwaka 1443. Watu waliirithisha mashamba ya mizabibu, na kila Novemba mvinyo wake unapigwa mnada. Amwambie mchungaji.

Sisi lori linabeba zote pamoja, mnunuzi anapima kilo, na yule wa mwaka jana hata hajamaliza kulipa. Lakini wewe mwenyewe husema ile mistari mitatu ya kichuguuni inazaa kidogo na ni mitamu kupita yote. Msimu ujao nakuomba hizo usizipakie. Zivunwe peke yake, zichachuke kwenye ndoo zake, na Mazengo aandike juu yake kwa kalamu isiyofutika. Anitumie pia picha ya udongo wa pale, achimbe hadi magotini. Mzee anataka kuuona.

Mwanao,
Chiku