Krediti 60 za chuo cha Kikristo: nani atazipokea?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi na vijana wa Unguja na Pemba wanaoletewa khabari za digrii ya asosieti kutoka vyuo vya Kikristo vya Marekani, iwe kwa kusafiri au kwa kusoma mtandaoni. Wengi huanza kwa kuuliza bei. Swali linalotangulia bei ni hili: krediti 60 za digrii hiyo, yaani vipimo vya masomo aliyoyamaliza mtu, zikishakamilika, ni chuo gani kitakachozipokea? Jibu litafutwe kabla ya senti ya kwanza kulipwa, na liwe la maandishi.

Asosieti ni nusu ya digrii ya Kimarekani. Digrii kamili kwa kawaida ina krediti 120, asosieti 60, na huchukua miaka miwili kwa anayesoma masomo matano ya krediti tatu kila muhula. Katika ngazi za NACTVET, baraza letu la elimu ya ufundi, haimo. Sisi tuna stashahada katika ngazi ya 6, stashahada ya juu katika ngazi ya 7, na shahada katika ngazi ya 8. Anayerudi na asosieti hawezi kujipangia ngazi mwenyewe, lazima apate ulinganifu, yaani uamuzi rasmi wa ngazi inayolingana na tuzo yake. Kwa hiyo iandikieni TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) na NACTVET mapema, mkitaja jina kamili la chuo, jina la tuzo na orodha ya masomo. Kisha muulizeni mdahili, yaani ofisa wa udahili, wa chuo mnachotarajia kumalizia digrii, kiwe SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), Chuo Kikuu cha Zanzibar (ZU) au kwengine. Na tahadhari na GPA, yaani wastani wa alama. Kule Marekani mtu huhitimu kwa 2.0 katika kipimo cha 4, huku mwenye stashahada anatakiwa awe na 3.0 katika kipimo cha 5 ili adahiliwe shahada. Namba hizo hazibebwi kama zilivyo, na aliyehitimu kwa kuponea chupuchupu anaweza kukwama mlangoni.

Linalowaumiza watu zaidi ni ithibati, yaani uthibitisho rasmi wa ubora wa chuo. Serikali ya Marekani haivipi vyuo ithibati yenyewe, bali huvitambua vyombo vinavyoitoa. Kwa vyuo vya Kikristo utakutana sana na TRACS na ABHE, na vingine vina ithibati ya vyombo vya jumla kama SACSCOC au Higher Learning Commission. Vyote vinne vinatambuliwa. Lakini kutambuliwa hakumlazimishi mtu kupokea. Chuo kikuu chenye ithibati ya chombo cha jumla kinaweza kuzikataa krediti za chuo cha TRACS au ABHE, au kikachukua nusu yake, na hakuna pa kukishitaki. Tazameni pia hatua ambayo chuo kimefikia. Kwa TRACS kuna mwombaji, kuna mtarajiwa, na kuna aliyekwisha kupata. Mwombaji bado hana kitu, ingawa tangazo lake litalitaja jina la TRACS kwa herufi kubwa.

Kuna na kundi jengine, na hapa nawaomba msome taratibu. Baadhi ya majimbo, Florida likiwemo, huruhusu vyuo vya dini kutoa tuzo za dini bila leseni ya kawaida ya elimu. Chuo kitakuonesha barua ya jimbo yenye muhuri, na barua hiyo ni ya kweli, lakini ni barua ya kusamehewa leseni tu, si ithibati. Tuzo yake inaweza kumfaa mtu kanisani kwake, ila kwa ajira ya serikali au kuendelea na chuo kikuu itakuwa kazi bure. Kuhakiki ni kazi ya dakika kumi: ingieni katika kanzidata ya Wizara ya Elimu ya Marekani inayoitwa DAPIP, au ile ya CHEA, baraza la ithibati la huko lisilo la serikali, muandike jina la chuo. Kama halimo hata katika moja ya hizo mbili, msiendelee na mazungumzo, hata wakala awe jamaa yenu.

Tazameni na mgawanyo wa masomo. Asosieti ya sanaa katika chuo cha Kikristo huwa na uandishi wa Kiingereza, hisabati, historia, sayansi yenye maabara, na juu yake masomo ya Biblia, mara nyingi Agano la Kale na Agano Jipya kila moja krediti tatu. Chuo kinachopokea huyahesabu hayo ya Biblia kama masomo ya hiari, au hakiyahesabu kabisa. Anayetaka uuguzi au uhasibu na krediti 15 za Biblia mkononi atajikuta anasoma muhula mzima zaidi. Somo lenye alama ya D nalo kwa kawaida halihamishiki. Hifadhini silabasi ya kila somo tangu siku ya mwanzo, maana chuo cha pili ndiyo kitakachoiomba, na cha kwanza huenda kimeshaifuta.

Kwa Waislamu, ambao ndio wengi wetu hapa, lipo jambo la kuamuliwa kwa dhamira safi. Vyuo hivi si vya namna moja. Vingine hudahili yeyote, vikataka tu afuate kanuni za maadili na ahudhurie ibada ya chuo, ambayo mahudhurio yake huandikwa. Vingine humtaka mwanafunzi asaini tamko la imani ya Kikristo. Usisaini usichokiamini kwa sababu ya udahili. Ni uongo juu ya dini, na chuo kikigundua kinaweza kukufukuza katikati ya muhula huku ada imeshakwenda. Ulizeni kabla: ibada ni lazima au hiari, anayesoma mtandaoni anasamehewa au vipi, na kipindi cha Ijumaa mchana kinaweza kubadilishwa?

Mtandaoni tatizo kubwa huwa saa. Somo la krediti tatu linadai kiasi cha saa tisa kwa wiki katika muhula wa wiki 15. Likibanwa katika wiki nane linapanda hadi kama saa 17, na mwenye kazi asichukue mawili kwa pamoja. Kazi nyingi hufungwa Jumapili saa 5:59 usiku kwa saa za mashariki ya Marekani. Kwetu hiyo ni Jumatatu asubuhi, saa mbili kasoro dakika moja. Lakini Jumapili ya pili ya Machi wenzetu husogeza saa zao mbele, na mwisho wa kupeleka kazi unakuwa saa moja kasoro dakika moja. Aliyezoea kupeleka saa moja na nusu anachelewa bila kujua sababu. Mambo hurudi kama mwanzo Jumapili ya kwanza ya Novemba. Na umeme ukizimika alfajiri, profesa hana khabari, basi pelekeni kazi Jumapili kabla ya kulala.

Anayetaka kusafiri aulize kwanza Ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam, kama viza ya mwanafunzi, F-1, inatolewa kwa Watanzania wakati huo, maana amri hubadilika. Ndipo alipe dola 350 za SEVIS, mfumo wao wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, na 185 za maombi ya viza. Mikopo ya serikali yao haimhusu mgeni, na kazi nje ya chuo mwaka wa kwanza hairuhusiwi.

Jina nalo lisimamiwe. Khamis katika cheti cha kuzaliwa, Hamisi katika cheti cha NECTA, na Hamis katika pasi ya kusafiria ni watu watatu machoni pa mdahili. Rekebisheni au muape hati ya kiapo kabla ya kuomba, kwa sababu transkripti, yaani hati rasmi ya masomo na alama, ikishatoka na jina baya, kulibadilisha ni safari ndefu.

Aliyekwisha kuanza na sasa ana wasiwasi asiache ghafla. Aombe transkripti rasmi ya krediti alizonazo, alipe anachodaiwa ili isizuiliwe, aipeleke kwa mdahili wa hapa aulize zipi zinapokelewa, kisha ndiyo ajiandikishe muhula unaofuata.

Mshauri wa wanafunzi,
Chake Chake, Pemba