Mwanangu, Kinjikitile anakufa mapema

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Songea. Sisi hatujambo, na mahindi ya mama yako yamefika magotini.

Maneno yako ya juzi kwenye simu yamenikaa moyoni. Umeweka riwaya kando, umeazima kitabu cha historia maktaba, na wiki ya tatu sasa hujavuka ukurasa wa 40. Ukifungua tu, usingizi. Ukaniuliza kama akili yako imezoea hadithi basi. La, mama. Akili yako ni nzima. Kitabu hicho unakisoma kama riwaya, na hapo ndipo kinapokushinda. Yalinikuta na mimi.

Nikiwa sekondari tulisoma Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu Vita ya Majimaji dhidi ya Wajerumani, na mganga Kinjeketile aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi. Tukaiigiza darasani. Mimi nilikuwa miongoni mwa wanaopewa maji, na hadi leo naikumbuka baridi ya maji ya ndoo ya bwenini yakinishuka mgongoni. Nilimpenda sana yule mtu. Miaka ikapita, nikapangiwa kufundisha huku, nikaenda Makumbusho ya Majimaji. Niliposimama mbele ya kaburi la pamoja la walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, niliona uchungu kwamba vita ile naijua kwa kuigiza tu. Nikatafuta kitabu cha historia.

Nikachanganyikiwa. Hata jina lilikuwa jingine: Kinjikitile. Halafu anakufa mapema! Wamatumbi waling'oa pamba kule Nandete Julai 1905, na Agosti ilipoanza tu Wajerumani wakamnyonga Kinjikitile kule Mohoro. Vita ikaendelea bila yeye mpaka 1907. Hussein mwenyewe alishatuonya katika utangulizi kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni, lakini sisi utangulizi tuliuruka. Sasa nimebaki na kurasa tele, hamna mtu wa kumfuata. Nikakifunga.

Kilichonirudisha ni swali. Mzee mmoja jirani aliniambia kwamba waliokufa kwa njaa waliwazidi mbali waliokufa kwa risasi. Njaa gani, katika nchi yenye rutuba kama hii? Nikakirudia kitabu kwa ajili ya hilo peke yake. Nikaanzia nyuma kwenye faharasa, nikatafuta neno njaa, nikaenda kwenye kurasa hizo tu. Kumbe Wajerumani walichoma maghala na mashamba kwa makusudi. Watu wakakimbilia porini, msimu wa kupanda ukawapita. Usiku ule sikupata usingizi.

Basi mwanangu, kabla hujakifungua tena hicho cha kwako, jiulize unataka kujua nini hasa. Andika swali lako juu ya daftari, hata likiwa dogo. Kisha anzia linapojibiwa, iwe sura ya saba. Hakuna atakayekudai sura sita za mwanzo. Utazirudia mwenyewe ukishapata hamu.

Na kila ukurasa, angalia anayesema ni nani. Taarifa ya ofisa wa Kijerumani imeandikwa na aliyeshika bunduki. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha pale Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwasikiliza wazee. Aliyekuwa mtoto wa miaka 10 vita ilipoanza alikuwa na 73 wakati huo, na njaa ile alilala nayo. Ukikuta hao wawili wanapishana, usikimbilie kuchagua. Waandike wote kwenye daftari, uendelee kusoma.

Riwaya zako usizigawe, nakuomba. Bila yale maji mgongoni nisingefika kaburini.

Mwezi wa pili ukipata ruhusa, njoo tarehe 27 twende wote makumbusho, uje na daftari lako. Mama yako anakusalimu. Unga ataupakia kwenye basi Ijumaa, uwahi kuupokea stendi.

Baba yako