Malalamiko kuhusu geji ya kegi ya kuchachushia bia kwa shinikizo

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: GEJI INAYOSOMA CHINI YA NUSU YA SHINIKIZO HALISI

Ndugu Meneja,

Nakuandikia baada ya kupokea jibu la ofisi yako, lililonieleza kwamba hitilafu niliyoiripoti ilitokana na povu la bia kuziba vali, na kwamba kwa sababu hiyo dhamana haihusiki. Sikubaliani na jibu hilo. Aliyeliandika hakuomba kuviona vifaa vyenyewe wala hakuuliza nilivitumiaje, kwa hiyo naomba uyasome maelezo haya hadi mwisho kabla ya kunijibu tena.

Seti niliyonunua kwenu ina kegi ya lita 19 ya chuma kisichoshika kutu, vali ya kutunza shinikizo, inayoachia gesi ya ziada, na geji, yaani kipimo cha shinikizo, iliyofungwa juu ya vali hiyo. Nilitia lita 15 za maji ya kimea, nikaacha nafasi ya povu, nikaongeza hamira ya laga na kuiweka kegi mahali penye joto la nyuzi 18. Kwa kawaida hamira ya aina hiyo huchachusha kwenye ubaridi wa nyuzi 10 hadi 13, lakini ikifanya kazi chini ya shinikizo la bar 1 hivi inaweza kuwekwa kwenye joto zaidi bila kuitia bia harufu kali ya matunda, na hiyo ndiyo sababu pekee iliyonifanya ninunue seti hii badala ya ndoo ya kawaida yenye mfuniko. Siku ya pili, shinikizo lilipopanda, nilirekebisha skrubu ya vali mpaka sindano ikatulia kwenye bar 1, na hapo ilibaki kwa juma zima huku gesi ya ziada ikitoka polepole kupitia mpira niliouzamisha kwenye chupa ya maji.

Siku ya tisa nilijaribu kuihamishia bia kwenye kegi nyingine bila kuigusisha na hewa, ikatoka povu tupu. Nilipounganisha geji nyingine, niliyoitumia muda mrefu kwenye mtungi wangu wa gesi, ilisoma bar 2.4. Katika joto lile, shinikizo hilo huyeyusha takriban gramu 6 za kaboni dioksidi katika kila lita ya bia, ilhali kwa bar 1 zingekuwa gramu 3.5 hivi, na gesi iliyobaki ningeiongeza baadaye bia ikiwa baridi. Hamira nayo ilielemewa: hidromita, kipimo cha uzito wa kimiminika kinachoonyesha sukari iliyobaki, ilisoma 1.020 mahali ambapo nilitarajia 1.010, na bia ikabaki na utamu wa sukari isiyochachuka.

Sasa niligeukie hilo povu lenu. Kama lingeziba vali, gesi ingekoma kutoka na sindano ya geji ingepanda; halikutokea hata moja kati ya hayo. Niliifungua vali na kuukuta mpira wake wa ndani mkavu na safi. Kisha niliiosha kegi, nikaijaza maji matupu hadi nusu, nikaingiza gesi kutoka kwenye mtungi. Kwa bar 1 geji yenu ilisoma 0.4, kwa bar 2 ilisoma 0.8. Nilirudia mara tatu kwa geji mbili tofauti za kulinganishia, na majibu hayakubadilika. Maji hayatoi povu la bia.

Kegi yenyewe sina neno nayo. Haivuji, na kegi za aina hii hutengenezwa kustahimili bar 9 hivi, ndiyo maana nimepoteza bia tu. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba vali na geji hizi hizi mnaziuza pia pamoja na mapipa ya plastiki, ambayo kwa kawaida huwekewa kikomo kisichofika bar 3. Mtu akikaza skrubu mpaka geji isome bar 1.5, akidhani yuko salama, pipa lake litakuwa limebeba zaidi ya bar 3.5, na tumaini lake pekee litakuwa vali ya usalama.

Kijitabu chenu nacho kinaelekeza kegi ijazwe hadi lita 18. Laiti ningekitii, povu lingefika kwenye vali kweli, na maelezo mliyonipa yangekuwa sahihi kwa kosa ambalo bado lingekuwa lenu.

Kwa hiyo naomba mniletee geji nyingine iliyopimwa, pamoja na maandishi yanayoonyesha usomaji wake kwenye bar 1 na bar 2. Muwaarifu wanunuzi wengine wa toleo hili, mkianza na wale wenye mapipa ya plastiki. Mrekebishe maelekezo ya ujazo. Na mfute kwa maandishi kauli kwamba hitilafu ilisababishwa na mimi. Geji yenye kasoro nimeihifadhi kama ilivyo, na niko tayari kuituma kwa gharama zenu. Nisipopata jibu ndani ya siku 14, nitalipeleka suala hili kwa mamlaka inayolinda haki za walaji, pamoja na picha za vipimo vyote.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu