Malalamiko Kuhusu Mfumo wa Ofisi ya Kisasa Mliotuwekea Lamu

Chama cha Akiba na Mikopo,
Mkomani, Lamu.
Aprili 2025

Kwa Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja,
Nairobi.

Bwana Mkurugenzi,

MINT: MFUMO WA OFISI YA KISASA MLIOTUUZIA

Mwishoni mwa mwaka jana mjumbe wenu alitujia na picha za ofisi inayojiendesha: mlango unaomtambua mfanyakazi, taa zinazojizima, na mahudhurio yanayoingia yenyewe kwenye hesabu ya mishahara. Tulikubali kwa moyo mmoja. Watu wa Lamu hatuogopi mashine. M-Pesa ilipoanza 2007 haikuchukua muda wavuvi wetu kuizoea, na leo michango mingi ya wanachama hutufikia kwa simu. Ankara yenu tuliilipa yote. Ninaandika kwa sababu mfumo huo umewadhalilisha wafanyakazi na wanachama wetu, na kila tukipiga simu tunajibiwa kwamba kasoro ni yetu.

Nianze na mahudhurio, maana hapo ndipo panapouma zaidi.

Wafanyakazi wetu wengi ni wanawake. Idi inapokaribia, au kukiwa na harusi, hutia hina na piko mikononi, na ncha za vidole huwa nyeusi kabisa. Mashine yenu husoma kwa mwanga: hupiga picha ya mistari ya kidole. Ncha iliyotiwa piko haionyeshi mistari hiyo vizuri, kwa hiyo mashine hukataa. Baada ya Idi mwaka huu nilisimama mlangoni nikamtazama karani wetu wa mikopo akiweka kidole cha kwanza, cha pili, akafuta kwa kanga, akaweka tena, huku foleni ya wenzake ikirefuka nyuma yake hadi kwenye daka, ukumbi wa mlangoni. Mashine iliendelea kumpigia ile sauti yake ya kukataa. Alikuwa amefika kabla ya saa mbili. Kwenye orodha ya mwezi aliandikwa hakuja.

Tulipowaeleza, kijana wenu wa simu alisema tutumie kamera ya uso badala ya kidole. Nikamwambia wapo wanaovaa nikabu. Akajibu kwamba wafunue sekunde mbili tu, kisha wafunike. Mlango wetu uko kwenye njia ya watu, Bwana Mkurugenzi. Wanaume wanapita, wapagazi wanapita na punda wao, wanachama wanasubiri kwenye mabao ya daka. Mnamtaka mama wa watu ajifunue uso pale kila asubuhi ili athibitishe kwamba amekuja kazini, ilhali sote tunamjua kwa sauti yake? Sikuwapelekea wafanyakazi wangu ombi hilo, wala sitawapelekea.

Mwezi wa Ramadhani ulizidisha. Saa zetu za kazi hubadilika mwezi huo. Tunafunga mapema ili watu wawahi kwenda kuandaa futari. Saa zimefungwa ndani ya programu, na ni ninyi peke yenu mnaoweza kuzibadilisha. Tuliwaandikia mapema, na mabadiliko yakafanywa mfungo umeshakwisha. Kwa hiyo programu ilimwandika kila mmoja wetu kuwa ametoroka kazini alasiri, kila siku, kisha ikayakata masaa hayo kwenye mishahara. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, imetaja wazi makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kufanya. Kumkata mtu kwa saa ambazo ofisi yenyewe imefungwa hakumo. Pesa hizo tumezirudisha kutoka mfuko wa chama, lakini kuna watu walipokea mshahara pungufu wiki ya Idi, wakati watoto wanangoja nguo. Fedheha hiyo tumeibeba sisi, na chanzo chake ni programu yenu.

Kisha kuna ile tableti ya kuwapokea wageni mliyoiweka tekani, yaani ukumbi wa ndani unaofuata daka. Inaongea Kiingereza tupu. Mzee mmoja, fundi wa majahazi kutoka Matondoni, alikuja kuulizia gawio lake. Ni mwanachama wa tangu chama kilipoanza. Tableti ikamtaka aandike jina, nambari ya kitambulisho, sababu ya kuja, kisha aweke kidole. Mikono ya mtu aliyeshika tezo na randa maisha yake yote haina tena mistari ya kusomeka. Ncha za vidole zimelainika kama ganda la yai. Alijaribu kwa adabu, akakaa. Hakuna aliyejua kwamba yuko pale, kwa sababu mfumo ndio uliopaswa kutuarifu na mfumo haukumsajili. Nilimkuta karibu na adhuhuri, nilipotoka kwenda kuswali. Aliniambia, “Mwanangu, labda jina langu limetolewa.” Siku zote mgeni akija Lamu hupigiwa hodi, hukaribishwa, huulizwa hali ya nyumbani, ndipo huulizwa shida yake. Tableti hiyo nimeiondoa. Karani anakaa mahali pake.

Mlango nao una hadithi yake. Mliweka kufuli la sumaku, na sumaku hiyo hushika kwa nguvu ya umeme. Stima ikipotea, huachia. Kwa kuokoa watu wakati wa moto hilo ni jambo jema, nalielewa. Lakini ofisi ina mafaili ya wanachama na sanduku la pesa, na Lamu stima hupotea. Agosti 2023 giza liliikumba karibu nchi nzima, si kisiwa hiki tu. Betri ya akiba iliyotajwa kwenye mkataba haijafika hadi leo. Usiku mmoja mlinzi alikuta mlango unasukumika kwa kidole. Tumerudia komeo letu la mti wa mvule, nalo halijatuangusha.

Intaneti ikikatika huwa kinyume chake: stima ipo, sumaku imeshika, lakini mashine haifungui kwa sababu kila kidole lazima kwanza kiulizwe kwenye seva zenu, mbali huko. Wafanyakazi husimama nje ya ofisi yao wenyewe. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na intaneti ikadorora Afrika Mashariki nzima. Miezi michache baadaye mlituuzia mlango usiofunguka bila intaneti. Anayeuza mifumo ya ofisi nchini Kenya hawezi kusema hakuliona.

Mafundi wenu walishuka kwa boti kutoka Mokowe asubuhi wakaondoka alasiri. Hawakuizunguka nyumba. Hii ni nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, ndani ya Mji Mkongwe wa Lamu ambao UNESCO iliuandika kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001. Kuta zake ni nene sana, na vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wa chumba hufuata urefu wa boriti ya mkoko. Ruta moja mliyoitundika msana wa nje, chumba kinachoelekea uani, haifiki ndani, na mbaya zaidi mmeifunga kwenye masafa ya gigahezi 5, ambayo hupenya ukuta kwa shida kuliko ya 2.4. Fundi angetembea na simu yake tu mkononi kuanzia tekani mpaka nyumba ya kati, chumba cha ndani, angeyaona haya kwa dakika chache. Badala yake walitoboa ukuta wenye zidaka, vile vishubaka vya kale, ili kupitisha waya usiohitajika. Mji huu una utaratibu wa uhifadhi, na kazi ya namna hiyo hutakiwa iulizwe kwanza kwa Makumbusho ya Taifa. Tundu hilo tutataka lizibwe kwa chokaa, si kwa saruji, maana saruji huzuia ukuta wa matumbawe kupumua.

Kuhusu taa sitasema mengi. Vihisi vyenu hufuata joto la mwili linalosogea. Mhasibu anayelinganisha hati hasogei, basi anazimiwa taa katikati ya hesabu. Na msimu wa kaskazi, joto la chumba linapokaribia joto la mwili, vihisi hivyo huzidi kutoona watu. Swichi za ukutani mliziondoa. Zirudisheni.

Haki ni haki: kipo kifaa chenu kimoja tunachokipenda. Ni kile kipimo kidogo cha unyevu mlichokiweka stoo ya mafaili. Karatasi Lamu huliwa na kuvu, na unyevu ukipita asilimia 65 hivi hatari huwa imeanza. Kifaa hicho hukaa na betri yake, huandika vipimo ndani yake chenyewe, na mtandao ukirudi ndipo hutuma. Kwa sababu yake tumeokoa daftari za zamani za wanachama ambazo zingeoza masika hii. Hivyo ndivyo tulivyotarajia kila kitu kiwe: kifanye kazi hapa hapa, kimsaidie mtu aliye hapa, kisingoje ruhusa ya mbali. Mnao ujuzi huo. Mngeutumia mlangoni na kwenye mahudhurio, nisingeandika barua hii.

Limebaki jambo la alama zenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu alama za vidole kuwa data nyeti, na kifungu cha 26 kinampa mwenye data haki ya kujua zinatumiwaje, kuziona, na kuomba zifutwe zikiwa za uongo au za kupotosha. Tumewauliza kwa barua pepe seva zenu ziko nchi gani na nani mwingine anazifikia. Hatujajibiwa. Neno la siri likiibiwa hubadilishwa. Karani wangu hatapata kidole kingine.

Tunataka basi, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, mfute alama zote za vidole na nyuso za wafanyakazi na wanachama wetu kwenye seva zenu, na mtupe uthibitisho wa maandishi. Mahudhurio yahamie kwenye kadi ya kugusa, kumbukumbu zikae kwenye kifaa kilichopo ofisini, na saa za kazi tuzipange wenyewe. Mlango upate betri yake na ufunguke bila intaneti. Chochote kinachomsemesha mwanachama kiseme Kiswahili. Ruta, swichi na tundu la ukuta nimeshazieleza. Na masaa yaliyokatwa kimakosa yafutwe kwenye kumbukumbu za kila mfanyakazi, ili siku akihitaji barua ya sifa asionekane mtoro.

Msipoweza, chukueni vifaa vyenu mturudishie pesa, isipokuwa ya kipimo cha unyevu, ambacho tutabaki nacho na kukilipia. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa. Siku hizo zikipita kimya, suala la alama tutalipeleka kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Mkituma fundi, awe ni mtu wa kulala Lamu angalau usiku mmoja, aione ofisi asubuhi watu wanapoingia na usiku stima inapopotea. Atuarifu siku moja kabla, nasi tutampokea gatini na kumtafutia pa kulala.

Wako mwaminifu,

Meneja wa Ofisi

Nakala: Mwenyekiti, Kamati ya Usimamizi