Barua ya wazi kwa Kamanda wa Polisi Mkoa wa Mbeya: tufundishwe lini tusifyatue

Afande Kamanda,

Salaam kutoka Mwanjelwa. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili linawagusa wengi, na mazungumzo yake yameshaanza sokoni bila ninyi kuwepo.

Mpunga unapovunwa Mbarali, fedha taslimu hutembea. Mnunuzi anatoka hapa na mamilioni kwenda Ubaruku au Igurusi, maana mkulima anataka kuhesabu noti kwa mkono wake. Jioni mawakala wa fedha za simu wanafunga hesabu ndani ya vibanda vya mbao na mabati, foleni ikiwa imefika barabarani. Majambazi wanaijua ratiba hiyo vizuri. Ndiyo maana wafanyabiashara wakikaa pamoja siku hizi, wanaulizana kibali cha bastola kinapatikanaje. Sijamsikia anayeuliza: nikishaipata, ni wakati gani nisiitoe?

Mimi sipingi raia kuwa na silaha. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inaruhusu kumiliki kwa leseni, na Kanuni ya Adhabu, kuanzia kifungu cha 18, inatupa haki ya kujitetea, kumtetea mwingine na kutetea mali. Lakini kifungu cha 18B kinataka nguvu iwe ya kiasi kinachostahili, na aliyeua kwa kupitiliza anaweza kutiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Wengi wetu tumeshika nusu ya kwanza tu. "Jambazi ukimpiga risasi huna kesi," nimeyasikia haya kwa watu wazima, watu wenye familia. Maneno hayo yatamfikisha mtu gerezani, Afande, na kabla ya hapo yatakuwa yameshamfikisha mtoto wa mwenzake kaburini.

Chukua saa kumi na mbili na nusu jioni, kwenye vibanda vya mawakala. Pikipiki inasimama, injini haizimwi. Wa nyuma anashuka na kumwelekezea bastola binti aliye kibandani. Wewe ni wa tatu kwenye foleni na bastola yako halali iko kiunoni. Nyuma ya jambazi ameketi mama anayeuza ndizi. Nyuma ya mama, daladala inapakia abiria. Risasi ikimkosa jambazi itaendelea na safari, bati wala ubao haviizuii. Ikimpata, bado kidole chake kiko kwenye kifyatulio na mdomo wa bastola unamtazama yule binti. Na je, umemwona mwenzao aliyetangulia, aliyejipanga foleni kama mteja? Huenda yuko mgongoni kwako. Isitoshe, mwili ukipatwa na hofu mikono hutetemeka, macho hung'ang'ania kitu kimoja, masikio ni kama yameziba. Aliyezoea kulenga chupa shambani kwa utulivu hajajipima kwa hali hiyo.

Kwa maoni yangu, hapo bastola ibaki kiunoni. Binti atoe fedha. Wewe kariri namba ya pikipiki, viatu vyao (jaketi watalitupa njiani, viatu si rahisi), lafudhi, na kama wameelekea Mafiati au Kabwe. Mambo hubadilika jambazi akianza kufyatua, au akianza kuwasukuma watu chumba cha nyuma na kutaka kufunga mlango. Hapo kungoja kunaweza kuwa kufa, na mwenye silaha akipata nafasi ya kulenga bila kuhatarisha wengine ana sababu ya kuitumia. Kisha yanabadilika tena pale jambazi anapopanda pikipiki na kukupa mgongo. Maisha yamenusurika, zimeondoka fedha. Risasi ya wakati huo inamwokoa nani?

Yote haya hutokea kwa muda mfupi mno. Ambaye hajayafikiria kabla hatayafikiria pale.

Kuna na baada yake. Askari wako wakifika watakuta mtu aliyevaa kiraia ameshika bastola, na hawana namna ya kumjua. Umati uliosikia "mwizi!" nao hauulizi leseni, sote tunajua wananchi wenye hasira wanavyoweza kumfanya mtu aliyenyooshewa kidole. Mwenye silaha afundishwe kuirudisha mahali pake, kuonyesha mikono, kupiga 112, kufunga jeraha la aliyeumia, hata kama ni jambazi, na kusaidia apate PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na kufikishwa hospitali.

Wanaonitia hofu zaidi ni walinzi wa kulipwa. Kijana anakesha mlangoni na shotigani magotini, mdomo wa bunduki umeelekea wateja, naye amechoka. Gololi za bunduki hiyo hutawanyika kadiri zinavyokwenda mbali. Sokoni hakuna mahali pa kuzitawanyia.

Ombi langu kwako, Afande, ni kwamba asiwepo mfanyabiashara wala mlinzi wa mkoa huu anayepewa au kuongezewa muda wa leseni kabla hajapelekwa kwenye uwanja wa shabaha, akawekewa mazingira kama ya kile kibanda, na akapimwa kwa kuona alipojizuia sawasawa na alipolenga. Kampuni za ulinzi zikaguliwe kwa hilo hilo. Na mtuletee maofisa wenu waje watueleze kwa lugha ya kawaida ni wakati gani aliyefyatua atahesabiwa shahidi, na ni wakati gani atakuwa mshtakiwa. Tukiyasikia kwenu tutaacha kufundishana vijiweni.

Jumapili baada ya ibada soko hupoa, na viongozi wa soko wanaweza kutukusanya sote, walinzi na mawakala wakiwemo. Tunaomba iwe kabla ya Mei, mpunga wa bonde la Usangu, huko Mbarali, haujaanza kuingia mjini.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mfanyabiashara wa nafaka,
Mwanjelwa, Mbeya