Barua ya malalamiko: Ondoeni maneno "sarafu yoyote" kwenye dawa yenu ya kung'arisha

Wakusanyaji wa sarafu,
Mbeya, Iringa na Njombe.

Kwa Meneja Mauzo,
Kampuni inayosambaza dawa ya kung'arisha sarafu.

YAH: MAELEKEZO YANAYOHARIBU SARAFU

Ndugu Meneja,

Dawa yenu imefika madukani Mwanjelwa na Iringa mjini: chupa moja, kipakiti cha unga mweupe, kimfuko laini cha plastiki cha kutunzia, na karatasi ya maelekezo. Karatasi inamwambia mnunuzi aloweke sarafu yoyote kwa dakika 10, aisugue kwa mswaki na ule unga, aifute kwa kitambaa, na kwamba thamani yake itapanda. Tunawaandikia kuwataka muyaondoe maelekezo hayo. Sarafu iliyopitishwa katika hatua hizo tatu hairudi tena ilivyokuwa, na mnunuzi anayeijua kazi hii ataishusha bei.

Tuanze na picha mliyoichapisha wenyewe. Ni rupia ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, yenye sura ya Kaiser Wilhelm II, mfalme mkuu wa Ujerumani, aliyevaa kofia yenye ndege tai juu yake. Kabla ya dawa ina rangi ya kijivu inayoelekea buluu kuzunguka maandishi. Baada ya dawa ni nyeupe tupu, na nyuma ya kichwa cha Kaiser imejaa mikwaruzo myembamba inayoelekea upande mmoja, yaani njia ya mswaki. Mkusanyaji anayeitazama picha hiyo angechagua ile ya kwanza bila kusita.

Kijivu kile si uchafu. Ni salfidi ya fedha, utando unaojijenga polepole fedha inapokutana na salfa iliyomo hewani. Fedha iliyo ndani ya utando huo ni ya sarafu yenyewe, kwa hiyo ukiuyeyusha umeondoa sehemu ya sarafu. Kinachoumia kwanza ni mng'ao wa kiwandani. Muhuri unapoigonga sarafu, madini husukumwa kuelekea ukingoni na kuacha vifereji vidogo mno kuonekana kwa macho. Hivyo ndivyo vinavyofanya mwanga uzunguke unapoigeuzageuza sarafu chini ya taa. Lebo yenu haitaji kilichomo kwenye chupa, ila harufu ya yai viza inayotoka dawa ikigusa fedha nyeusi ni ya asidi iliyochanganywa na thaiurea, kemikali inayoyeyusha weusi wa fedha. Fundi anayetumia dawa ya namna hiyo huichovya sarafu sekunde chache tu, kisha anaisuuza papo hapo kwa maji mengi. Dakika 10 zinakula vifereji, na kinachobaki ni weupe kama wa chokaa ambao hauchezi na mwanga. Kusuuza hamkukutaja kabisa! Mabaki ya dawa yakikaukia kwenye maandishi, baada ya muda huacha madoa ya njano na kahawia.

Kuhusu unga na mswaki hatuna maneno mengi. Fedha na shaba ni laini, kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini zipo kati ya 2.5 na 3. Vumbi letu la kiangazi lina chembe za kwarazi, madini magumu ya mchanga, ambayo ni 7. Kusugua sarafu yenye vumbi ni kuikwaruza, hata kwa pamba, na majivu au dawa ya meno vina kosa hilohilo.

Lakini neno baya kuliko yote kwenye karatasi yenu ni "yoyote". Rupia ile ina gramu 11.66 na fedha yake ni 0.917 ya uzito huo. Shilingi ya Afrika Mashariki ya simba, ya kuanzia 1921 hadi 1946, ina robo tu ya fedha, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni shaba. Isugue shilingi hiyo, na weupe wa juu unaondoka kwenye simba na milima, wekundu unatokeza kwa mabaka. Ya kuanzia 1948 haina fedha hata chembe. Ni shaba na nikeli, na dawa ya fedha haina kazi juu yake. Heller, yaani sarafu ndogo za Wajerumani, na senti zenye tundu za shaba zikilowekwa zinatoka na rangi ya waridi isiyo ya asili, kisha zinapiga weusi wa mabaka. Senti 20 ya ndege mbuni ya 1966 na senti 10 ya pundamilia ya 1977 ni shaba ya njano yenye nikeli na zinki. Asidi hula zinki kwanza, ndiyo maana zinageuka nyekundu. Shilingi 500 ya 2014 ni chuma kilichopakwa nikeli. Palipokwaruzwa hadi ndani, kutu inaingia, na hilo halina dawa.

Ndimu, ukwaju na siki vinafanya uharibifu wa aina hiyohiyo kwenye shaba, na watu wetu wamevitumia miaka mingi. Tungetarajia kampuni inayouza dawa iwaeleze hivyo, isiwauzie asidi kali zaidi.

Mnasema thamani itapanda. Kampuni za Marekani zinazopima sarafu, PCGS na NGC, zikiona mikwaruzo ya kusugua au ngozi iliyoliwa na asidi, huandika kwamba sarafu imesafishwa na huinyima daraja lake la namba kati ya 1 na 70. Wanunuzi wa mnada husoma maandishi hayo kabla ya kutaja bei.

Kimfuko chenu nacho ni tatizo. Ni laini, kina harufu ya pazia jipya la bafuni, yaani ni plastiki ya PVC. Ikichakaa hutoa kemikali zinazoacha ute wa kijani unaokula shaba, na kwenye unyevu na joto jambo hilo huenda haraka. Mtu wa Tukuyu au Kyela akiifungia sarafu humo msimu mzima wa mvua, ataukuta ute. Wekeni vifuko vya karatasi visivyo na asidi au plastiki ya poliesta.

Tunajua zipo sarafu zinazohitaji mkono, na karatasi yenu ingefaa sana kama ingeeleza hizo. Sarafu yenye udongo wa shambani iloweshwe kwenye maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri (si asidi ya betri, madukani hukaa rafu moja, lebo isomwe), kwa siku nzima au zaidi, maji yakibadilishwa yanapochafuka, bila kusugua. Sarafu ishikwe ukingoni, ikandamizwe kwa kitambaa cha pamba, ikauke yenyewe. Ute wa PVC unatoka kwa asetoni safi (kimiminika cha kuyeyushia) ndani ya kikombe cha glasi, dakika 5 hadi 10, kisha asetoni mpya mara ya pili, dirisha wazi na jiko la mkaa mbali, kwa kuwa mvuke wake hushika moto. Dawa ya kutolea rangi ya kucha haifai. Ina maji, mafuta na manukato. Na shaba inayotoa unga wa kijani mpauko unaorudi kila ukifutwa ina kloridi, aina ya chumvi inayoila shaba, ndani yake: itengwe na nyingine, iwekwe pakavu, ipelekwe kwa mhifadhi wa makumbusho.

Tunadai mambo manne. Futeni neno "yoyote" na ahadi ya thamani. Tajeni kilichomo kwenye chupa na tahadhari zake. Ondoeni unga na kimfuko cha PVC. Rudisheni fedha za wanunuzi watakaozirudisha chupa zao madukani, zikiwa zimefunguliwa au la. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na tusipopata majibu ya maandishi ndani ya siku 21, nakala ya barua hii pamoja na karatasi yenu ya maelekezo vitapelekwa Tume ya Ushindani.

Wenu,
Wakusanyaji wa sarafu, Nyanda za Juu Kusini.